Farasi wa Kijana Wangu na Mtamba wa Bibi Yake

Huenda wasomaji wengine wakashangaa kumwona mkazi wa Moshi, mji uliokua kwa kahawa na migomba, akiomba nafasi katika ukurasa huu ili azungumzie farasi wa mbio za kuruka viunzi. Farasi wenyewe hawamo mjini petu. Wamo ndani ya kompyuta, katika mchezo alioucheza kijana wangu wa kidato cha tatu karibu likizo nzima ya Desemba. Mchezo huo umezusha nyumbani mazungumzo ambayo yalianza sebuleni Pasua, yakapanda hadi Kibosho kwa mama yangu mzazi, na yakaingia katika banda la ng'ombe. Naona si vibaya kuyaeleza, maana najua ziko nyumba nyingi za mjini zenye kijana wa namna hiyo na bibi wa namna hiyo.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mchezaji hupewa shamba, fedha kidogo za kubuni na farasi majike wachache. Kazi yake ni kumchagulia kila jike dume la kumpanda, kungoja azae, kumlea mtoto, kumfundisha, na hatimaye kumpeleka mbioni. Mbio hizo si zile za kukimbia mahali tambarare kwa dakika moja na nusu. Ni mbio ndefu, ambazo farasi hukimbia huku akiruka vizuizi vya matawi na mitaro ya maji. Kila farasi ana nasaba yake iliyoandikwa hadi kizazi cha nne au cha tano, na kila mmoja ana sifa zake: kasi, pumzi, urukaji, na kitu wanachokiita moyo, yaani ule ukaidi wa kukataa kushindwa. Kijana wangu amejaza daftari zima la hesabu kwa majina ya farasi ambao hawako duniani. Nashukuru kwamba mchezo huu hauna kamari ya fedha halisi, kwa kuwa kamari za mpira zimekwisha kuwatoa machozi wazazi wengi wa mji huu.

Jioni moja alinijia amekunja uso. "Baba," aliniambia, "nina bingwa ambaye hajapata kushindwa, lakini mchezo hauniruhusu nimzalishe. Wanasema ni maksai."

Sikuwa na jibu siku hiyo, lakini jambo hilo lilinikaa kichwani, nikalifuatilia katika vitabu. Nikaona kwamba mchezo haukubuni lolote hapo. Ndivyo ilivyo hasa katika nchi za mbio hizo, Uingereza na Ireland. Farasi wa mbio za tambarare huweza kumaliza kazi yake akiwa na miaka 3 au 4, akapelekwa kupanda majike. Farasi wa kuruka ndiyo kwanza huanza akiwa na miaka 4 au 5, na nguvu zake hukamilika akiwa na miaka 8, 9, au hata 10. Katika muda mrefu kama huo farasi dume huwa mkali, na tena mwili wake huwa mzito mabegani. Kwa sababu hiyo madume wengi wa kuruka huhasiwa wangali wadogo, kabla mtu yeyote hajajua ni nani kati yao atakuwa bingwa. Siku anapojulikana kuwa bingwa, amekwisha kuwa maksai miaka mingi.

Farasi aliyeitwa Arkle alishinda Kombe la Dhahabu la Cheltenham miaka mitatu mfululizo, 1964, 1965 na 1966, na wako wanaosema hajatokea mwingine wa kumpita. Hakuacha mtoto. Red Rum alishinda mbio za Grand National pale Aintree, karibu na Liverpool, mara tatu, mwaka 1973, 1974 na 1977. Katika miaka miwili ya katikati alikuwa wa pili. Mbio hizo ni za kilomita zipatazo 7 na zina miruko 30. Alipokufa mwaka 1995 alizikwa hapo hapo Aintree, karibu na mstari wa kumalizia, naye pia hakuacha mtoto. Alikuwako jike mmoja, Dawn Run wa Ireland, aliyeshinda mbio kubwa za viunzi vidogo mwaka 1984 na lile Kombe la Dhahabu mwaka 1986. Huyo angeweza kuzaa. Mwezi Juni mwaka huo huo wa 1986 alianguka mbioni huko Paris, akafa.

Basi mfugaji wa farasi hao hufanya nini, ikiwa anayeonyesha sifa hawezi kuirithisha? Hurudi nyuma akamtafuta mama. Huwatafuta dada za bingwa, shangazi zake, mama wadogo zake, ambao pengine hawakukimbia hata mara moja, kwa sababu anaamini kwamba damu iliyomtoa bingwa imo ndani yao pia. Kwa upande wa baba, kazi ni ngumu zaidi, maana dume mwenyewe mara nyingi hakuwahi kuruka kitu chochote. Baba yake Arkle alikuwa farasi wa ukoo bora asiyeshinda mbio hata moja, na ada ya kumpandisha ilikuwa ndogo. Mama yake ndiye aliyekuwa mrukaji na mshindi. Baba yake Red Rum alikuwa hodari wa mbio za maili 1 tu za tambarare, na hakuna ambaye angemtazama akaona ndani yake kilomita 7 na miruko 30. Mtu huanza kumjua baba kwa watoto wake, na watoto hao hawaonyeshi kitu mpaka miaka mingi ipite. Inawezekana kabisa sifa za dume zitangazwe naye amekwisha kufa.

Nilimweleza kijana hayo, akaenda akafungua daftari lake ukurasa mpya. Alimtafuta mama wa yule maksai wake, akampandisha kwa dume lile lile mara nne. Katika watoto wanne, mmoja alikuwa mwepesi kama umeme, mmoja alikuwa wa kawaida, na wawili hawakufaa kitu. "Baba mmoja, mama mmoja," alisema kwa mshangao. Dada yake, ambaye alikuwa akipiga pasi, alimwambia kuwa hata katika nyumba hii mambo ni hayo hayo.

Hapa petu farasi hawakupata kushika mizizi. Nyanda za chini zilikuwa na mbung'o wanaoeneza ndorobo, na tena kuna tauni ya farasi, inayoletwa na usubi, ambayo humwua farasi mgeni kwa siku chache. Wakati wa utawala wa Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwako walowezi karibu na Kilimanjaro waliojaribu njia nyingine: walikamata punda milia ili wawafundishe kuvuta magari na kupandwa, kwa sababu mnyama wa nchi huyastahimili maradhi ya nchi. Mmoja wao aliitwa Bronsart von Schellendorff. Jaribio hilo halikufika mbali, kwani punda milia hakukubali kazi hiyo. Siku hizi wako farasi kidogo upande wa Machame na Kilimanjaro Magharibi, wanaowatembeza watalii, na mtu anayetaka kuona mbio hana budi kwenda Nairobi, uwanja wa Ngong. Kwetu sisi mnyama wa nasaba ni ng'ombe.

Nami nilipokuwa nikimsikiliza kijana akizungumza habari za maksai, niliona kwamba mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ana tatizo lile lile lililogeuzwa kifudifudi. Kwenye farasi wa kuruka, bingwa hawezi kuzaa. Kwenye ng'ombe wa maziwa, dume ambaye huacha watoto wengi kupita wote hatoi hata tone moja la maziwa. Ndani yake umo uwezo ambao yeye mwenyewe hawezi kuuonyesha. Utauthibitisha kwa binti zake. Hesabu ni hii: jike hubeba mimba miezi 9, mtamba huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka miwili na nusu au mitatu, ndipo atakapokamuliwa. Tangu siku ya kumhimilisha mama hadi siku ya kulijua titi la binti ni zaidi ya miaka 3. Kijana wangu humaliza miaka 3 ya farasi kabla ya chakula cha jioni.

Mama yangu anaishi Kibosho, kwenye kihamba cha ekari isiyotimia moja, na ng'ombe wake hawatoki bandani. Wasomaji wa mikoa mingine wanaoona ng'ombe wakichungwa wajue kwamba mlimani hakuna malisho ya kuchungia. Chakula humfuata mnyama. Hukatwa majani ya kingo za mifereji, huchanwa migomba, na kiangazi kinapokaza wanawake hushuka hadi tambarare kutafuta nyasi na kupanda nazo mlima zikiwa kichwani. Samadi yake hurudi kwenye migomba na kahawa. Maziwa kwa desturi ni ya mama wa nyumba, na ndiyo maana wanawake wa Nronga, kule Machame, walipounda ushirika wao wa maziwa mwaka 1988, haikuwa ajabu kwa mtu anayeijua mila. Ajabu ilikuwa kwamba wengine walichelewa kuwafuata.

Bandani walikuwamo wawili: Subira, mzee, ambaye maziwa yake yalikuwa yameshuka hadi lita 4 kwa siku, na bintiye Neema, mtamba wa miaka mitatu kasoro, aliyehimilishwa mara mbili bila kushika mimba. Ada ya chuo ya binti yangu ilikuwa inakaribia, na mfanyabiashara wa ng'ombe alikwisha kupita mara mbili akiuliza. Ilikuwa lazima mmoja aondoke. Kwa akili ya haraka, aondoke mtamba: ni kijana, ana nyama, bei yake ni nzuri, na yule mzee angalau anatoa kikombe cha chai. Ndugu zangu wawili wa Dar es Salaam walishauri hivyo kwa simu.

Kijana wangu aliposikia, aliomba kwanza aandike nasaba. Tulipanda naye Jumamosi, akakaa na bibi yake juu ya vigoda nje ya banda, daftari la farasi magotini, upande wa nyuma ambao haukuwa umeandikwa. Nilidhani angepata vizazi viwili. Mama alimpa vitano. Alianzia kwa ng'ombe mwekundu aliyeletwa kwa mapatano ya kizamani ya Wachagga, ya kumtunzia mtu ng'ombe wake: mtunzaji hupata maziwa na samadi, mwenye ng'ombe hubaki na ng'ombe wake, na baada ya uzazi kadhaa mtunzaji hupewa ndama awe wake. Ndama huyo ndiye mwanzo wa ng'ombe wetu wote. Binti yake ndiye aliyenilipia mimi shule. Mama alikumbuka aliyezaa kwa shida, aliyeugua titi moja likakauka, aliyekataa migomba mpaka ichanganywe na chumvi, na aliyestahimili kiangazi kikali bila kukatisha maziwa. Mambo kama hayo hayaandikwi katika karatasi ya dume. Hukaa kichwani mwa mtu, na mtu huyo akiondoka huondoka nayo.

Katika kuandika, kijana aliona jambo. Alisema kwamba mama zote za Neema, hadi kwa yule mwekundu, zilichelewa kushika mimba ya kwanza, na zote, zikisha kushika, zilizaa kwa mfululizo. Mama alimtazama, akathibitisha. Alikuwa akijua siku zote, ila hakuna aliyemwuliza.

Akaona na jambo la pili. Mbegu iliyotumika mara zote mbili ilikuwa ya dume la Friesian, kubwa, la maziwa mengi. "Bibi," alisema, "huyu ni dume la tambarare, na wewe unataka la kuruka." Ilibidi nimfasirie mama maneno hayo. Ng'ombe mkubwa hutoa maziwa mengi pale anapopata chakula kingi. Kwenye kihamba ambapo kila kilo ya majani ina kichwa cha mtu kilichoibeba, ng'ombe mdogo wa Jersey mwenye maziwa machache yenye mafuta huweza kumpa mwenyewe faida zaidi, naye huzaa ndama mdogo, jambo ambalo kwa mtamba si dogo hata kidogo. Mama alijibu kwamba yeye alimtaka Jersey tangu zamani, lakini kila mtu alikuwa akimsifia Friesian.

Hapo ndipo bibi naye alipomwuliza mjukuu wake juu ya mchezo. Alieleza vizuri, farasi, nasaba, mbio, maksai. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wale wasioshinda, unawapeleka wapi?"

"Nawafuta, Bibi."

"Unawafuta vipi?"

Akamwonyesha kwa kidole, kana kwamba anabonyeza kitu hewani. Mama hakusema neno. Aliinuka akaenda kumkatia Subira majani.

Mimi siwachukii watengenezaji wa michezo. Huo wa kijana umemfundisha katika wiki tano mambo ya urithi wa damu ambayo mwalimu angehitaji muhula mzima, na umemfundisha kwamba mnyama mmoja mzuri si kitu bila ukoo nyuma yake. Alifahamu hata hatari ya kupandisha ndugu kwa ndugu, ambayo vijijini kwetu bado ni tatizo kubwa pale dume moja la jirani linapopanda ng'ombe wa mtaa mzima miaka sita, mpaka linawapanda binti zake. Lakini mchezo umewaondoa wanyama walioshindwa, na ufugaji wenyewe kwa sehemu kubwa ni kuishi nao hao. Kati ya farasi kumi wanaozaliwa kwa ajili ya mbio, wengi hawashindi kitu, na kila mmoja wao hula kila siku. Ndama dume wa ng'ombe wa maziwa ni vivyo hivyo. Mtu anayehesabu washindi tu hajaanza kuhesabu.

Uamuzi ulikuwa wa mama, kwa kuwa ng'ombe ni wake. Aliamua Neema abaki na Subira auzwe, na auzwe kabla ya Krismasi, wakati watu wa mlimani wanarudi nyumbani kutoka kila pembe na bei ya nyama inapanda. Alitaja bei yake mwenyewe, akaisimamia, na mfanyabiashara aliilipa baada ya kuondoka na kurudi. Aliagiza kitu kimoja zaidi: kwamba mjukuu wake ndiye amshike Subira kamba mpaka barabarani.

Ni mwendo wa nusu saa kwa njia ya ng'ombe, chini chini kando ya mfereji. Subira alikuwa hajatoka bandani miaka mingi, na kila alipofika palipo na mwanga mkali alisimama. Kijana alisimama naye. Mara mbili alinikabidhi kamba, kisha akaichukua tena kabla sijamwomba. Walipompakia garini alinyamaza, na njia nzima ya kupanda hakuzungumza habari za farasi wala za kitu kingine. Ada ya dada yake ililipwa Jumatatu.

Kilichobaki ni Neema. Mbegu za kuhimilisha hutoka kituo cha taifa cha Usa River, njia ya Arusha, zikiwa ndani ya mirija myembamba katika naitrojeni ya majimaji, yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtamba akipata joto hukaa nalo kwa saa zisizotimia ishirini, kisha linapoa kwa muda wa wiki tatu. Kanuni wanayoifuata wafugaji ni nyepesi: akionekana asubuhi, ahimilishwe jioni, akionekana jioni, ahimilishwe kesho yake asubuhi. Kuijua kanuni ni rahisi. Kazi ni kumwona, maana wengine hulia na kuparamia ukuta wa banda, na wengine, kama ukoo huu wa kwetu, hukosa hamu ya kula tu na kusimama wakitazama mlango. Mara ya pili walimwona kwa wakati, lakini mvua ilikuwa imekata njia na mtaalamu akafika ng'ombe amekwisha kupoa.

Safari hii Neema alionekana alfajiri, siku chache baada ya mwaka mpya. Mama alipiga simu kabla ya jua kutoka, na saa kumi jioni mtaalamu alikuwa bandani na mbegu ya Jersey. Kijana alimwuliza jina la dume, jina la mama wa dume, na maziwa ya binti zake. Yule bwana alicheka, akampa karatasi yote.

Shule zimefunguliwa, na kompyuta imefunikwa kitambaa mpaka Juni. Daftari liko Kibosho, limening'inizwa kwa uzi kwenye mwimo wa mlango wa banda, upande wa ng'ombe ukiwa nje. Siku ya 21 itakuwa Jumatano wiki ijayo. Ikiwa siku hiyo Neema atakula majani yake yote na kulala, pana matumaini. Akisimama akautazama mlango, itabidi mtaalamu aitwe tena. Mama amesema ataamka mwenyewe saa tisa za usiku kumtazama. Kijana ameomba ruhusa apande Jumanne jioni akalale huko, ashuke alfajiri na gari la kwanza kuwahi kipindi cha kwanza, nami nimemruhusu.